Upepo si Wetu, Kafi ni Letu



Katika juma moja nilijiwa na watu wawili. Wote wameniruhusu nieleze habari zao bila kuwataja majina.

Wa kwanza ni kijana wa hapa Lobule. Wazee wa kanisa walimwita kwa sababu aliuza mahindi ya mgao wa wadogo zake, akanywa fedha yote kwa siku mbili. Watoto walilala na njaa mpaka jirani alipowapa unga. Alipoulizwa hakukana. Alisema hivi: “Baba Mwinjilisti, mnaniuliza mimi? Ulizeni vita. Sikuchagua kuja hapa, sikuchagua kuacha shule, sikuchagua kuwa baba wa wadogo zangu. Mtu aliyebebwa na maji haulizwi kwa nini amelowa.”

Wa pili ni mama anayekaa upande wa Rhino Camp. Huyu hakuitwa na mtu, alikuja mwenyewe. Usiku wa kukimbia alikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Mama mkwe wake hakuweza kutembea, akamwambia, “Nenda na watoto.” Akaenda. Hakupata tena habari zake. Tangu siku ile mama huyu huja ibadani kila Jumapili, lakini hakaribii Meza ya Bwana. Aliniambia, “Mimi nilimwacha mtu.”

Tazameni jambo hili. Kijana anasema, “Nilisukumwa, kwa hiyo sina hatia yoyote.” Mama anasema, “Nilisukumwa, lakini hatia yote ni yangu.” Wote wawili walisukumwa na vita, na kila mmoja amefika upande wake. Je, mtu aliyesukumwa na nguvu asiyoiweza anawajibika kwa nini, na hawajibiki kwa nini? Hilo ndilo swali letu mwezi huu. Sikuweza kulijibu vizuri siku ile, nikaenda nyumbani nikafikiri. Jibu nililolipata limetoka mbali na hapa, nalo linanihusu mimi mwenyewe.

Hapa kwetu West Nile hakuna bahari. Tuna Mto Nili na vijito vyetu, na wengine wenu mmevuka Ziwa Albert. Mimi nilizaliwa pwani ya Tanga, na baba yangu alikuwa mvuvi wa ngalawa. Wengi hamjaiona ngalawa, kwa hiyo nitaieleza.

Ngalawa ni mtumbwi wa gogo, mara nyingi gogo la mwembe, mwembamba sana. Ukiuweka gogo huo peke yake baharini utabiringika. Kwa hiyo mafundi hulaza miti miwili juu yake, iitwayo mirengu, ikitokeza kushoto na kulia. Mwisho wa miti hiyo, kila upande, hufungwa ubao mwepesi unaogusa maji. Ubao huo huitwa tengo. Tengo halibebi samaki wala mtu, kazi yake ni kumzuia mwenzake asipinduke. Wataalamu wa historia wanasema ufundi huu uliletwa katika bahari yetu na mabaharia kutoka visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, jamaa za wale waliohamia Madagaska zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mpaka leo lugha ya Kimalagasi ina undugu na lugha za kisiwa cha Borneo. Hivyo hata tengo letu lililetwa na watu walioacha kwao.

Pwani ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Kusi huanza Aprili, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti huwa kali. Mtu wa bara hudhani upepo ukiwa nyuma yako safari ni raha, umesukumwa tu, umefika. Si hivyo. Upepo wa mbele ni mzito, lakini kila wimbi unaliona linakuja. Upepo wa nyuma huleta wimbi usilolitazama. Hunyanyua tezi, yaani nyuma ya chombo, na omo huelekea chini kama mtu anayeteremka mlima kwa kukimbia. Omo ikichoma wimbi la mbele, tezi huzunguka, chombo hulala ubavu, na wimbi linalofuata huvunja mirengu.

Basi mtu aliye peke yake hufanyaje? Anakaa nyuma akiwa na kafi, yaani kasia fupi la mkono. Akisikia tezi inanyanyuka, anapiga kafi kwa nguvu mara tatu au nne, chombo kikubali kuteleza pamoja na wimbi. Kikishateleza anaacha kupiga. Anashikilia kafi ndani ya maji liwe usukani, huku akitafuta mahali palipo chini mbele yake, maana chombo huteleza kuelekea bonde la maji, hakipandi mgongo wa wimbi lililotangulia. Wimbi likimpita, anabaki bondeni, chombo kinasimama kama kinarudi nyuma. Mjinga hupigana hapo mpaka achoke. Mwenye akili hupumua, hufua maji yaliyoingia, hungoja tezi inyanyuke tena. Na kila anapoteleza anageuza omo kidogo tu, labda upana wa mkono, kuelekea pale anapotaka kufika. Akigeuza sana atalala ubavu. Asipogeuza kabisa, upepo utamfikisha unakotaka upepo.

Kuna watu wanaoitafuta hali hii kwa furaha. Huko Hawaii, katika bahari ya Pasifiki, hufanyika mashindano ya mtu mmoja mmoja katika mtumbwi wenye tengo moja, kutoka kisiwa cha Molokai hadi kisiwa cha Oahu. Mwendo wake ni zaidi ya kilomita 50, karibu kama barabara ya kutoka Arua hadi Koboko, na wanaombea upepo uwe nyuma yao na mawimbi yawe makubwa. Najua mtaniambia, wale walichagua, na jioni wanakula kwao. Ni kweli, wala sitasema safari yao ni sawa na ya kwenu. Lakini ufundi wa mkono ni ule ule. Bahari haimwulizi mtu kama alichagua kuja.

Sasa habari yangu. Mwezi wa Julai mwaka 1989 nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alikuwa mgonjwa, nikaenda peke yangu kuangalia madema karibu na Maziwe, lile fungu la mchanga lililo kusini-mashariki mwa Pangani. Asubuhi kulikuwa shwari. Kabla ya adhuhuri kusi ikachachamaa. Nilitweka tanga ili nirudi, na foromali, ule mti unaoshika tanga, ukavunjika. Nikabaki na kafi, na bahari imekuwa nyeupe kwa povu. Pangani ilikuwa mbele yangu, upepo nyuma yangu. Nikaanza kwenda kama nilivyofundishwa.

Sijui nilikuwa nimeenda muda gani nilipomwona mzee mmoja mbele yangu, upande wa kulia. Chombo chake kilikuwa kimepinduka, yeye ameshika gogo. Nilimfahamu kwa sura, alikuwa wa kijiji cha jirani. Aliinua mkono mmoja.

Nilikuwa nateleza juu ya wimbi. Kugeuka kwenda kwake kulikuwa kulala ubavu, na kulala ubavu kulikuwa kuvunja mirengu. Sasa nina miaka zaidi ya hamsini, na nimeufikiria mgeuko ule usiku mwingi. Nimewauliza wavuvi wazee, bila kuwaambia kwa nini nauliza. Wote wamenipa jibu moja: haiwezekani. Nami naamini.

Lakini miguuni pangu nilikuwa na dumu tupu la plastiki, lile mnaloliita jerikani au bido. Mtu akilikumbatia dumu kama lile anaelea kwa muda mrefu. Nilikuwa nimelifunga kamba kwa ajili yangu, ikiwa ngalawa itanivunjikia. Wakati nilipokuwa bado sijamfikia, ningalilirusha, upepo ungalimpelekea. Niliona hivyo, nilijua hivyo. Nikasita. Nilifikiri, “Na mimi je?” Nilipoifungua kamba nikalirusha, nilikuwa nimekwisha kumpita. Upepo ulilichukua dumu ukalileta upande wangu, mbali naye.

Nilifika Pangani. Nilipiga kelele, watu wakatoka na mashua mara upepo ulipopungua. Walilikuta gogo. Mzee hawakumkuta.

Kwa miaka mingi nilikuwa kama yule mama. Nilisema, “Nilimwacha mtu,” nikabeba bahari nzima. Kisha nikachoka, nikawa kama yule kijana. Nilisema, “Ni kusi, nilikuwa mtoto, nisingeweza kitu.” Maneno yote mawili yalikuwa na uongo ndani yake, ndiyo maana hakuna hata moja lililonipa usingizi. Nilipata amani siku nilipoketi na mchungaji mmoja mzee nikapima jambo lenyewe, kama mtu anavyopima unga kwa kilo, si kwa kukisia. Sikuweza kugeuka, na hilo si langu. Niliweza kurusha dumu mapema, sikurusha, na hilo ni langu. Upepo uliniachia nafasi moja, fupi kama wimbi moja, nami nilichelewa kwa sababu ya kujipenda. Nililitubu hilo na si lingine. Namwamini Mungu aliyesamehe.

Basi nasema hivi: mtu hatoi hesabu ya upepo, hutoa hesabu ya kafi. Na hesabu hiyo iwe sahihi. Ukiongeza usichokifanya, umejishuhudia uongo. Ukipunguza ulichokifanya, umejishuhudia uongo vilevile. Tena toba ya kweli inahitaji jina la dhambi. Mtu anayesema “yote ni makosa yangu” hawezi kutubu, maana hajui atubu nini. Na mtu anayesema “hakuna langu” hawezi kutubu pia.

Someni nyumbani Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo alikuwa mfungwa, safari ile haikuwa ya hiari yake. Chombo kilipopigwa na dhoruba hawakuweza kushindana na upepo, wakaacha wachukuliwe. Lakini tazameni kazi waliyoifanya huku wakichukuliwa. Walikikaza chombo kwa kamba. Walitupa shehena. Walipima kina cha maji, kwanza pima ishirini, baadaye kumi na tano. Walishusha nanga nne upande wa nyuma, wakangoja kuche. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua ndogo na kuwaacha wengine, Paulo alisema, na mashua ikakatwa. Kisha yule mfungwa akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya watu wote, akawasihi wale. Walikuwa watu 276. Hakuna aliyechagua kwenda Malta, na bado kila saa kulikuwa na jambo la kuchagua.

Hapa lazima niseme neno jingine, nisije nikawadanganya. Kusi haina dhambi. Inavuma kwa sababu Mungu ameiumba dunia hivyo. Vita si kusi. Vita vina watu waliovipanga, waliovilipia na waliovipigana. Upepo uliowaleta ninyi hapa una wenyewe, na wenyewe watatoa hesabu ya upepo, kwa maana hilo ndilo kafi lao. Ninaposema tusimlaumu upepo kwa makosa yetu, sisemi tuwasamehe wakubwa kabla hawajatubu, wala tunyamaze juu ya haki. Nasema tu kwamba hesabu yao haifuti yetu, wala yetu haifuti yao.

Wengine watasema, “Mwinjilisti, unatudai sana. Sisi tumebakiwa na nini cha kuchagua?” Ni swali la haki. Tangu mwaka 2020 mgao wa chakula umepunguzwa mara kwa mara, na mwaka 2023 kaya zikagawanywa katika makundi kwa kipimo cha uhitaji. Kiwanja ni kidogo, mvua haina uhakika, na karo ya shule haingojei. Najua pia kwamba mimi sikukimbia, nilikuja hapa kwa nauli. Lakini kumbukeni upana wa mkono. Kwenye bahari mbaya hakuna anayeweza kugeuza zaidi ya hapo, na hakuna anayedaiwa zaidi ya hapo. Yule mjane wa Injili aliweka senti mbili, naye Bwana hakumpima kwa mali ya matajiri. Mwenye nafasi ndogo hudaiwa kidogo. Ila kidogo hicho ni chake, na ukimwambia hana hata hicho umemnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho. Ndiyo sababu sikukubali kumwambia yule kijana, “Pole, si wewe.” Ningekuwa nimemwambia kwamba yeye ni gogo linaloelea.

Nilimwambia, “Mwanangu, kuacha shule si lako. Kuwa baba wa wadogo zako ukiwa na miaka kumi na tisa si lako, ni mzigo uliotupiwa. Uchungu wa moyo wako si dhambi. Gunia la mahindi ni lako.” Alinyamaza sana. Kisha akasema, “Gunia moja?” Nikasema, “Gunia moja.” Akasema gunia moja anaweza kulilipa. Sasa anafanya kibarua cha kufyatua matofali, na jirani aliyetoa unga amekwisha kurudishiwa. Sisemi ameacha pombe kabisa. Nasema amerudi kushika kafi.

Kwa mama nilirudi Rhino Camp, tukakaa chini ya mti. Nilimwambia habari ya mzee na dumu, ambayo sikuwahi kumwambia mshirika yeyote. Kisha nikamwuliza taratibu, “Mama, usiku ule ulikuwa na mikono mingapi?” Akasema miwili. “Na mgongo?” Mmoja. “Nani alikuwa mgongoni? Nani mkononi?” Akawataja watoto. Nikamwuliza kama lilikuwapo dumu, yaani jambo dogo aliloweza kulifanya akasita. Alifikiri kwa muda. Akasema, “Nilimwekea maji karibu na kitanda. Na blanketi.” Akalia. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuyahesabu yale maji. Alikuwa amerusha dumu lake kwa wakati, kuliko mimi.

Sikumwambia aache kuomboleza. Kuomboleza si hatia, ni upendo usio na mahali pa kwenda. Nilimwambia tu asiite maombolezo yake kwa jina la dhambi.

Mwisho, tuwatazame wenyeji wetu. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, na hasa kuanzia mwaka 1980, watu wengi sana wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Wazee wa Koboko na Arua wanaotupa salamu njiani walilala chini ya miti katika nchi ambazo baadhi yenu mmetoka. Upepo ule ungeweza kuwafundisha uchungu tu. Lakini wengi wao, zamu yetu ilipofika, walikubali ardhi yao itumike tupate pa kujenga. Si kwamba hakuna ugomvi juu ya kuni na malisho, upo. Lakini walichofanya na kumbukumbu yao ni kafi lao, nao wamegeuza omo kuelekea kwetu. Wao ni tengo letu, na sisi tunaweza kuwa tengo la mwingine. Jirani yule wa unga hakubeba mzigo wote wa kijana. Aligusa maji upande mmoja tu, na nyumba haikupinduka.

Watu wa pwani wana methali: hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maana yake, zunguka chombo chote, utarudi pale pale katikati, yanapokusanyika maji ya kufuliwa. Dhamiri ya mtu ni hivyo. Tuingie ngamani, tuyafue yaliyo yetu, na maji ya bahari tumwachie mwenye bahari.

Maswali ya kuzungumza nyumbani baada ya chakula cha jioni:

1. Ni jambo gani ninalojilaumu ambalo kwa kweli lilikuwa upepo?

2. Ni jambo gani ninalolaumu upepo ambalo kwa kweli lilikuwa kafi langu?

3. Juma hili, ni nani jirani yetu anayehitaji tengo upande mmoja?

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote, Lobule, Imvepi na Rhino Camp.

Ni mimi mwinjilisti wenu, ndugu yenu katika Kristo.